Shujaa Ndani ya Sanduku: Suala la Kimaadili katika Ukusanyaji wa Sanamu za Mashujaa wa Filamu, Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Mtu anayekusanya sanamu ndogo za mashujaa wa filamu, akazipanga rafuni na kuzihifadhi zisiguswe, je, anamheshimu shujaa au anamnyima kitu? Huenda swali hili likaonekana dogo mno kwa jarida la uhakiki wa fasihi. Sanamu zenyewe ni vipande vya plastiki, vingi vyao havizidi urefu wa kiganja, na wanaovikusanya hawajapata kumdhuru mtu. Hata hivyo, mhusika alikuwa mali ya taaluma yetu kabla hajawa mali ya kiwanda, na yale yanayompata anapotolewa katika masimulizi na kutiwa sandukuni ni mambo ambayo mhakiki ana haki, na pengine wajibu, wa kuyasemea. Tunalijadili suala hili kwa kurejelea Nyeri na miji jirani ya Karatina, Nanyuki, Embu na Meru. Sababu ni mahususi. Katika eneo hili mkusanyaji wa mashujaa wa kubuni anaishi kando ya kumbukumbu ya shujaa wa kweli ambaye hana kaburi linalojulikana, na ujirani huo unalifanya swali letu kuwa zito kuliko linavyoonekana.

Yafaa kwanza tuiondoe njiani hoja moja ambayo wasomaji wengi wataitarajia. Inadaiwa kwamba kijana wa Kimeru au wa Kikuyu anayetunza sanamu ya Batman au Spider-Man ametekwa na utamaduni wa kigeni, na kwamba tiba yake ni kumrudisha kwenye ngano za wazee wake. Hoja hii ina ukweli wake, lakini imechoka, na haielezi jambo lolote kuhusu tendo lenyewe la kukusanya. Lau sanamu hizo zingekuwa za Wangu wa Makeri au za marimu wa ngano za Agikuyu, swali letu lingebaki pale pale: ni halali kumtoa shujaa katika hadithi yake na kumfungia? Ugeni wa shujaa haulijibu swali hilo. Tena, shujaa wa kigeni huenda akawa ndiye mwenye madhara machache zaidi anapofungiwa, kama tutakavyojaribu kuonesha.

Tuanze na majina, kwa maana majina ya vitu hivi yana mgogoro ndani yake. Kiswahili kina maneno kadhaa ya karibu. Mwanasesere ni kitu cha mtoto kuchezea, na ndani ya neno lenyewe mnasikika mwana, yaani kitu kinacholelewa. Bandia pia hutumika kwa mtoto wa kuchezea, lakini maana yake nyingine ni kitu kisicho cha kweli. Kinyago kimechongwa, na aghalabu kinakusudiwa kutisha. Ndiyo maana methali inasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Sanamu, neno lililotoka Kiarabu, hubeba kivuli cha kuabudiwa. Mkusanyaji wa Nyeri anayezungumza Kiswahili akiulizwa ana nini rafuni mwake, mara nyingi husema sanamu. Ni nadra sana aseme mwanasesere, kwa sababu neno hilo lingemrudisha utotoni na, kwa mazoea ya jamii zetu, lingemweka upande wa wasichana.

Aibu hiyo haikuanzia kwetu. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilipotoa askari wake wa plastiki mwenye viungo vinavyokunjika, G.I. Joe, ilitafuta kwa makusudi jina jipya la aina hiyo ya kitu, jina la mtu wa vitendo, ili wavulana wasione kwamba wanapewa mwanasesere. Bidhaa zote zilizofuata, kuanzia sanamu za mashujaa wa vitabu vya katuni katika miaka ya 1970 hadi za filamu ya Batman ya 1989 na za filamu za Marvel za karne hii, zilirithi jina hilo. Jina lilidai kwamba kitu hiki ni tendo, ilhali hakuna kitu kilicho mbali na tendo kama sanamu iliyosimama.

Kisha ikaja kesi ambayo kila mwanafunzi wa usawiri wa wahusika angepaswa kuijua. Januari 2003 Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani iliamua shauri kati ya Toy Biz, kampuni tanzu ya Marvel, na serikali. Sheria ya forodha ilitoza asilimia 12 kwa wanasesere na asilimia 6.8 kwa vitu vingine vya kuchezea, na mwanasesere alifafanuliwa kuwa kile kinachowakilisha binadamu. Kampuni ikadai kwamba mashujaa wake, wakiwemo wale wa X-Men, si binadamu. Mahakama ikakubali. Wasomaji wa hadithi za X-Men walishangaa, na walikuwa na haki ya kushangaa, kwa sababu hadithi hizo zote zinahusu watu waliozaliwa tofauti wanaodai kutambuliwa kuwa binadamu. Madai yaliyokuwa kiini cha masimulizi yalikanwa mahakamani na mwenye masimulizi, kwa ajili ya ushuru. Tunaomba msomaji aikumbuke kesi hii, kwa kuwa tutakutana tena na swali la nani anahesabiwa kuwa mtu na kwa faida ya nani, na safari hiyo halitahusu plastiki.

Kwa mtazamo wa nadharia ya fasihi, mhusika ni jumla ya uchaguzi wake ndani ya wakati. Tunamjua kwa yale anayoyatenda mambo yanapombana, na kwa yale anayoshindwa kuyatenda. Ondoa wakati, nawe umeondoa uwezekano wa kukosea. Ondoa uwezekano wa kukosea, nao ushujaa unabaki kuwa vazi. Sanamu ya shujaa hufanya hivyo hasa: humshika katika hali moja ya mwili, ngumi imekunjwa au joho limepepea, na hali hiyo hutangazwa kuwa ndiye yeye.

Fasihi yetu imewahi kulitafakari jambo hili mapema kuliko kiwanda chochote. Katika utenzi wa Fumo Liyongo aliouandika Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, shujaa anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, aliyerubuniwa na mtawala wa Pate. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anatoka hadi kisimani, anapiga goti na kuuvuta upinde, na katika hali hiyo anakata roho. Watu wa mji wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai, wanaogopa kwenda kuteka maji. Mji unapata kiu kwa sababu ya maiti iliyosimama kama sanamu. Mamaye analetwa kumbembeleza. Siku zinapita mpaka mwili unapoanguka wenyewe.

Wahakiki wengi wamekisoma kisa hiki kama ushahidi wa ukuu wa Liyongo: hata akifa anatisha. Sisi tunaona pia jambo la pili. Mradi shujaa amesimama katika hali yake ya mwisho ya vita, jamii haiwezi kunywa maji. Ni lazima aanguke ndipo azikwe, na ni lazima azikwe ndipo masimulizi yake yaweze kuanza kusimuliwa na watu wasiomwogopa. Wenyeji wa pande za Kipini na Ozi huonesha mahali wanapopaita kaburi lake. Kaburi hilo ni sehemu ya utendi kama ulivyo upinde.

Sasa tuitazame sanamu ya filamu kwa jicho hilo. Mfano unaofaa zaidi ni Black Panther ya mwaka 2018, filamu iliyopokewa Afrika Mashariki kwa shangwe ya pekee. Februari mwaka huo ilioneshwa kwa sherehe Kisumu, nyumbani kwa akina Lupita Nyong'o, aliyeigiza Nakia. (Katika nchi ya Mlima Kenya jina la filamu halikuwa geni hata kidogo: chui weusi huonekana Nyandarua na Laikipia, na mwaka 2019 picha za mmoja wao wa Laikipia zilizunguka dunia nzima.) Hasbro ilitoa sanamu za wahusika wake. T'Challa aliuzwa mzima. Nakia aliuzwa mzima. Killmonger aliuzwa mzima. Okoye, jemadari wa walinzi wa kike, ambaye katika filamu ndiye mwenye mgongano mkali kuliko wote kati ya kiapo na mapenzi, hakuuzwa mzima katika mfululizo wa kwanza. Viungo vyake viligawanywa, mkono katika sanduku hili na mguu katika lile, ili mnunuzi alazimike kununua masanduku ya wahusika wengine ndipo amkamilishe. Sidhani kwamba waliobuni mpango huo walikuwa na nia mbaya; ni mbinu ya kawaida ya biashara hiyo. Lakini mhakiki anayemfundisha mwanafunzi wake kuuliza mwili wa mwanamke unagawanywaje katika matini hawezi kukiona kiwiliwili cha Okoye kikiwa kimetawanyika sandukuni akapita bila kusema neno.

Killmonger anasumbua zaidi. Onyesho lake la kwanza akiwa mtu mzima limewekwa katika jumba la makumbusho London, mbele ya vitu vya Kiafrika vilivyomo ndani ya vioo, naye anamuuliza mtunzaji wa jumba vilipatikanaje. Mwishoni, akiwa amejeruhiwa na amepewa nafasi ya kutibiwa, anakataa, na ombi lake la mwisho linahusu mahali pa kuzikwa: azikwe baharini, pamoja na mababu waliojitosa majini kuliko kuwa watumwa. Basi huyu ni mhusika anayeingia kwa kuwashtaki wakusanyaji na kutoka kwa kuomba maziko. Sanamu yake inauzwa ikiwa nyuma ya plastiki angavu, na thamani yake hudumu ikiwa sanduku halijafunguliwa.

Hapo ndipo penye kiini cha desturi hii. Mkusanyaji hodari hafungui sanduku. Walimwengu wa biashara hiyo walikwishajua tangu mwanzo kwamba sanduku lina nguvu kuliko kilichomo: mwishoni mwa mwaka 1977 kampuni ya Kenner, iliyokuwa haijamaliza kutengeneza sanamu za Star Wars, iliuza kasha la karatasi lenye cheti cha ahadi tu, na watu wakalinunua. Wengine hulitafuta kasha hilo hadi leo.

Katika miji ya Mlima Kenya, hata hivyo, sanduku ni anasa. Sanamu hufika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kuagiza: kijana mwenye ajira yake ya kwanza, mwalimu au karani au fundi wa kompyuta, hununua Nairobi au ng'ambo, na kifurushi kikapanda matatu mpaka Nyeri au Meru. Huyo hupata sanduku. Njia ya pili ni ya mtumba. Vitu vya kuchezea vilivyotupwa Ulaya na Marekani huja katika marobota kama zijavyo nguo, vikamwagwa juu ya turubai siku ya soko. Humo hutokea Spider-Man asiye na mkono, Hulk aliyetafunwa na mbwa wa watu wasiojulikana, Batman ambaye joho lake limekatwa. Mama hununua kwa bei ya maandazi machache, mtoto akaenda naye nyumbani, na huko shujaa akaungana na gari la waya, ng'ombe wa udongo na mwanasesere wa gunzi la mahindi. Kesho yake Batman ni kondakta. Kesho kutwa ameuawa na fisi, akazikwa chini ya mgomba, akafukuliwa.

Tunasisitiza kwamba mtoto huyu anasoma. Anamrudishia mhusika kile ambacho kiwanda kilimwondolea: wakati, hatari, kushindwa. Roland Barthes, katika insha yake kuhusu vitu vya kuchezea iliyomo katika kitabu cha mwaka 1957, alilalamika kwamba vitu vya plastiki vya watoto wa Ufaransa viliwafanya wawe watumiaji wa ulimwengu uliokwisha kutengenezwa wala si waumbaji. Yamkini alisema kweli kuhusu vitu vipya. Hakumwona Batman aliyekatwa joho juu ya turubai. Uharibifu wenyewe humlazimisha mtoto kuumba. Kwa kigezo hiki, mkusanyaji mwenye sanduku lililofungwa ni msomaji anayekinunua kitabu na kukataa kukikata kurasa. Hajamkosea mtu. T'Challa hana mjane wala hadai kaburi. Alibuniwa mwaka 1966 na Stan Lee na Jack Kirby, na hasara yote ya kumfungia ni ya mkusanyaji mwenyewe. Ni ubadhirifu wa hadithi, na ubadhirifu si dhuluma.

Dhuluma huanza sanamu inapokuwa ya mtu aliyekufa. Pwani ya Kenya inatupa ushahidi ulio wazi. Wamijikenda husimamisha vigango, nguzo za mbao zilizochongwa, kwa ajili ya wafu waliokuwa wanachama wa chama cha Gohu. Kigango si picha ya marehemu wala si pambo; ni mahali anapokaa, na ni mwiko kukiondoa. Kinaachwa hapo mpaka kioze, na kuoza huko ni sehemu ya mwenendo wake. Kuanzia miaka ya 1970 vigango vingi viliibwa na kuuzwa kama sanaa, vikaishia katika nyumba na makumbusho ya Marekani. Viwili vya familia moja ya Kilifi vilivyoibwa mwaka 1985 vilipatikana katika jumba la makumbusho la jimbo la Illinois na katika lile la Chuo Kikuu cha Hampton, vikarudishwa mwaka 2007. Makumbusho ya Denver nayo ilirudisha 30.

Walionunua vigango hawakuwa wote wezi. Wengi walivipenda. Walivipangusa vumbi, wakaviwekea taa, wakavikinga na mchwa; waliviangalia vizuri kuliko mvua ya Kilifi ingeviangalia. Kosa lao lilikuwa katika uangalizi huo huo. Walikizuia kitu kisiharibike, nacho kilikuwa na haki ya kuharibika. Walter Benjamin, katika insha yake ya mwaka 1931 kuhusu kuifungua maktaba yake, alimwona mkusanyaji kuwa mfano wa mrithi: mtu mwenye wajibu kwa vitu vyake. Wazo hilo ni zuri, nasi tunalikubali kwa nyongeza moja, kwamba mrithi hurithi pia madeni. Vitabu vya Benjamin havikuwa na deni kwa mfu. Kigango kinalo.

Sasa turudi Nyeri. Dedan Kimathi Waciuri alizaliwa Tetu mwaka 1920, akasoma, akawahi kuwa mwalimu, akaingia msituni Nyandarua. Huko, jambo ambalo halitajwi vya kutosha, alikuwa mkusanyaji wa maandishi: alisisitiza kumbukumbu ziandikwe na kutunzwa, barua, orodha, taarifa za mikutano, kana kwamba alijua vita vya baadaye vingekuwa vya masimulizi. Tarehe 21 Oktoba 1956 alipigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu. Alikuwa amevaa ngozi ya chui. Wakoloni wakampiga picha akiwa amelazwa kwenye machela, pingu mikononi, ngozi mwilini, na picha hiyo ikasambazwa ili wananchi waone kwamba mambo yamekwisha. Kesi yake ilisikizwa Nyeri Novemba hiyo hiyo, mashtaka yakiwa ya kumiliki silaha. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa katika kaburi lisilo na alama.

Picha ile ya machela, kwa maoni yetu, ndiyo sanamu ya kwanza ya Kimathi iliyotengenezwa ili watu wengi waimiliki. Ilitoka kwa wingi, ilikuwa na hali moja tu ya mwili, na ngozi ya chui ilikusudiwa kufanya kazi ile ile ambayo kampuni ya Marvel iliiomba mahakama iifanye mwaka 2003: kuonesha kwamba aliyepo pale si mtu. Tofauti ni kwamba X-Men walipunguziwa ushuru, naye akanyongwa.

Kwa muda mrefu baada ya hapo mji wake haukuwa na umbo lake. Mgeni aliyefika Nyeri aliweza kuelekezwa bila shida kwenye kaburi la Baden-Powell, aliyefariki mwaka 1941. Maskauti huja kutoka mabara yote kulizuru, na nyumba yake ya Paxtu ina chumba cha kumbukumbu chenye beji za wageni hao. Hatuwaonei wivu maskauti. Tunasema tu kwamba aliyezikwa kwa heshima alipata pia wakusanyaji wenye adabu, watu wanaoacha kitu badala ya kuchukua. Mau Mau yenyewe ilibaki katika orodha ya vyama haramu hadi mwaka 2003. Sanamu ya shaba ya Kimathi ilizinduliwa Nairobi na Rais Mwai Kibaki, mwenyeji wa Othaya, Februari 2007, miaka 50 baada ya kunyongwa: mavazi ya kijeshi, bunduki mkono wa kulia, kisu mkono wa kushoto. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliomba kwa miongo mingi apewe mabaki ya mumewe ayazike. Alifariki Mei 2023 hajayapata.

Fasihi ilimtendea kwa namna nyingine. Mwaka 1974 Kenneth Watene alitoa tamthilia yenye Kimathi mwenye shaka na makosa mazito. Mwaka 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo wakatoa yao, iliyofasiriwa baadaye kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi, wakipinga waziwazi usawiri huo. Tunaweza kuegemea upande mmoja, na wahakiki wengi wameegemea wa Ngũgĩ na Mugo. Lakini tazama kilichotendeka: Kimathi wawili walisimama jukwaani, wakabishana, na kila onyesho lilipokwisha mwigizaji alivua vazi akaenda nyumbani. Jukwaa halimfungi shujaa. Humkopa na kumrudisha.

Swali basi linaloulizwa siku hizi na vijana wenyewe, na ambalo mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniuliza kwa ukali kidogo, ni hili: ikiwa T'Challa ana sanamu ya kuuzwa, kwa nini Kimathi asiwe nayo? Kwa nini mtoto wa Tetu acheze na mfalme wa nchi isiyokuwepo? Hoja yake ina nguvu, na haijibiwi kwa kusema kwamba jambo hilo ni dharau. Mtoto anayemshika Kimathi mkononi, akamtuma msituni, akamfanya ashindwe na kuinuka, anamtendea kama fasihi inavyomtendea. Sioni ubaya wowote katika Kimathi wa gunzi la mahindi. Bila shaka wamekuwepo wengi, katika vijiji vile vya miaka ya 1950 vilivyozungushiwa mahandaki, ambako watoto hawakuwa na kitu kingine cha kuchezea.

Kimathi wa kiwandani ni suala jingine, na si kwa sababu ya plastiki. Sanamu ya T'Challa ni nakala ya mwili ambao haukuwepo. Sanamu ya Kimathi ingekuwa badala ya mwili uliokuwepo na ambao dola iliuficha. Kwa kukosekana kaburi, kila umbo lake linachukua nafasi ya kaburi, litake lisitake. Linakaribia kuwa kigango. Na mkusanyaji angelifanyia kama alivyozoea kufanyia mengine: asingefungua sanduku, angelisimamisha kati ya Iron Man na Killmonger, angengoja bei ipande. Kosa la mkusanyaji wa aina hii halimo katika kupenda vya kigeni. Limo katika kutumia mkono mmoja kwa vitu viwili, kile kisichodaiwa na mtu na kile ambacho bado kina mdai. Liyongo akiwa kisimani, mji mzima ulikuwa na kiu. Hapa aliyekaa na kiu alikuwa mwanamke mmoja na watoto wake, na waliomweka hivyo hawakuhitaji hata upinde.

Kuna atakayejibu kwamba tunadai mengi mno kwa kitu kidogo, na kwamba mkusanyaji angalau anakumbuka, ilhali serikali zilisahau. Nalikubali nusu yake. Katika nchi ambamo kumbukumbu rasmi ilichelewa hivyo, rafu ya kijana mmoja Nyeri inaweza kuwa na uaminifu kuliko ofisi nyingi. Hata hivyo uaminifu huo una namna ya kujipima, nayo ni nyepesi: je, yuko tayari kukiacha kitu kiharibike? Anayempa mdogo wake sanamu ya Kimathi akacheze nayo kwenye matope ya Tetu amekwisha kujibu. Anayetafuta kioo chenye kuzuia jua bado hajajibu.

Iwapo siku moja kiwanda kitaamua kuitengeneza, mchoraji wake atakutana na tatizo ambalo hakuna mkutano wa mauzo utakaoweza kulitatua. Itampasa achague vazi. Akimvika koti la kijeshi, atakuwa amemfuata mchongaji wa Nairobi na kuificha picha ya machela. Akimvika ngozi ya chui, wanunuzi wengi, hasa walioiona ile filamu, wataipenda mara moja na kuiona ngozi ya mfalme. Na wazee wachache waliobaki, ambao mwaka 1956 walioneshwa karatasi yenye picha hiyo, wataiona ilivyokuwa.